Ngeli Mbele ya Mizani ya Mantiki: Matumizi ya Lugha ya Prolog katika Kupima Kanuni za Upatanisho wa Kisarufi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna lugha ya programu iitwayo Prolog, pamoja na vifaa vinavyoambatana nayo, inavyoweza kumfaa mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: je, uainishaji wa ngeli unaofundishwa vyuoni na shuleni unatosha kueleza upatanisho wa kisarufi kama ulivyo vinywani mwa wazungumzaji? Ili kulijibu, majaribio matatu yanafanywa. La kwanza linapima uainishaji wa kimofolojia, la pili uainishaji wa kisintaksia, na la tatu linapendekeza marekebisho. Inabainika kuwa kirai kifupi kama "ndugu yangu mkubwa" kinazishinda mbinu zote mbili zinapotumiwa kila moja peke yake, na kwamba nomino za aina hiyo zinahitaji kuelezwa kwa jozi mbili za upatanisho, wala si moja.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu ngeli ni wa siku nyingi. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wa karne ya 19, akiwemo Wilhelm Bleek aliyeandika mwaka 1862 na Carl Meinhof aliyeandika mwaka 1899, waliziainisha nomino kwa kuzingatia viambishi awali vyake na kuzipa nambari. Kutokana na mkabala huo yakapatikana majina kama M-WA, M-MI na KI-VI. Baadaye ukashika mizizi mtazamo mwingine unaotazama viambishi vya upatanisho vinavyojitokeza katika kitenzi, nao ndio uliozaa A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na nyinginezo ambazo mwanafunzi wa Kenya huzijua tangu shule ya msingi.

Aghalabu mwanafunzi huikariri mitazamo yote miwili, akataja ubora na udhaifu wa kila mmoja katika mtihani, kisha akaendelea na mada nyingine. Kinachokosekana ni mizani. Kanuni ya sarufi iliyoandikwa kitabuni husomwa na mtu ambaye tayari anakijua Kiswahili. Panapokuwa na pengo, msomaji hulijaza kwa umilisi wake bila hata kutambua kuwa amelijaza. Tarakilishi haina umilisi huo. Haijui Kiswahili hata neno moja, na haitajua lolote ila lile lililoandikwa bayana. Kwa sababu hiyo, kanuni yenye pengo ikikabidhiwa tarakilishi, pengo hujitokeza papo hapo.

Makala haya hayamtaki msomaji awe mtaalamu wa tarakilishi. Yanamtaka aijue sarufi yake vyema, na awe tayari kuiandika kwa ukamilifu ambao daftari la kawaida halimdai.

2.0 Chimbuko la Prolog

Huenda ikamshangaza msomaji wa isimu kusikia kwamba Prolog ilizaliwa kutokana na haja ya kuchanganua lugha ya binadamu. Ilibuniwa mjini Marseille, Ufaransa, mwaka 1972 na Alain Colmerauer akishirikiana na Philippe Roussel. Lengo la Colmerauer lilikuwa kuiwezesha mashine kupokea sentensi za Kifaransa, kuzielewa na kujibu maswali juu yake. Naye Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh nchini Uskoti, alichangia nadharia ya kuichukua mantiki yenyewe kuwa njia ya kutoa maagizo kwa mashine. Jina Prolog ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuandika programu kwa mantiki.

Mwaka 1977, huko Edinburgh, David Warren na wenzake walitoa toleo lililofanya kazi kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 1980 Fernando Pereira na Warren walichapisha maelezo ya mfumo wa kuandika sarufi ndani ya Prolog, na mfumo huo ndio unaotumiwa katika makala haya. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi mkubwa wa kitaifa wa tarakilishi za kizazi cha tano uliojengwa juu ya misingi ya programu za kimantiki. Viwango vya kimataifa vya lugha hii vilitolewa mwaka 1995.

Kati ya matoleo yaliyopo, linalomfaa zaidi mwanafunzi ni SWI-Prolog, ambalo Jan Wielemaker alianza kulitengeneza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi. Toleo hili hupatikana mtandaoni bila malipo, na hufanya kazi katika tarakilishi za kawaida, hata zile za zamani kidogo zilizomo katika maabara nyingi za vyuo.

3.0 Misingi ya Kuandika na Kuuliza

Programu ya Prolog ina mambo mawili: matamko na kanuni. Tamko husema jambo lililo kweli. Kanuni husema jambo fulani ni kweli iwapo mambo mengine ni kweli. Mtumiaji akishaandika hayo, huuliza maswali. Tazama matamko haya:

ngeli(kitabu, ki_vi).
ngeli(nyumba, i_zi).
ngeli(kiti, ki_vi).

Matamko hayo huandikwa katika faili, tuseme ngeli.pl, kwa kutumia kihariri chochote cha matini. Kisha mtumiaji hufungua SWI-Prolog, na alama ya ?- inapotokea huandika [ngeli]. ili faili ipakiwe. Sasa anaweza kuuliza:

?- ngeli(kitabu, X).
X = ki_vi.

Anaweza pia kuligeuza swali:

?- ngeli(N, ki_vi).
N = kitabu ;
N = kiti.

Nukta-mkato ni ombi la jibu jingine. Hapa pana sifa kuu ya Prolog: tamko lile lile hujibu maswali ya pande zote mbili. Aliyeandika hakuieleza mashine namna ya kutafuta. Alieleza tu yaliyo kweli.

Zipo kaida tatu ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuzizingatia. Kwanza, kila tamko na kila swali huishia kwa nukta. Nukta ikisahauliwa, mashine hukaa kimya ikisubiri, na mtumiaji hudhani imekwama. Pili, neno linaloanza kwa herufi kubwa ni kibadilika, yaani nafasi tupu inayosubiri kujazwa. Basi anayeandika jina Juma kwa herufi kubwa, kama afanyavyo katika insha, hajamtaja Juma. Amefungua mlango ambao neno lolote linaweza kuingia. Ni sharti aandike juma, au 'Juma' ndani ya alama za mtajo. Tatu, ritifaa ina kazi maalumu katika Prolog, kwa hiyo neno ng'ombe haliandikwi hivi hivi, bali huandikwa 'ng''ombe', ritifaa ya ndani ikiandikwa mara mbili. Mabadiliko hayo ni ya ufundi tu. Hayabadilishi othografia ya Kiswahili.

4.0 Jaribio la Kwanza: Ngeli kwa Kiambishi cha Nomino

Katika jaribio hili, nomino zinaainishwa kwa umbo lake. Alama --> husomeka "huundwa na". Kibadilika N kinawakilisha ngeli, na I kinawakilisha idadi.

sentensi --> kirai_nomino(N, I), kitenzi(N, I).
kirai_nomino(N, I) --> nomino(N, I), kivumishi(N, I).

nomino(ki_vi, umoja) --> [kitabu].
nomino(ki_vi, wingi) --> [vitabu].
nomino(ki_vi, umoja) --> [kijana].
nomino(ki_vi, wingi) --> [vijana].
nomino(m_wa, umoja) --> [mtoto].
nomino(m_wa, wingi) --> [watoto].

kivumishi(ki_vi, umoja) --> [kikubwa].
kivumishi(ki_vi, wingi) --> [vikubwa].
kivumishi(m_wa, umoja) --> [mkubwa].
kivumishi(m_wa, wingi) --> [wakubwa].

kitenzi(ki_vi, umoja) --> [kimeanguka].
kitenzi(ki_vi, wingi) --> [vimeanguka].
kitenzi(m_wa, umoja) --> [ameanguka].
kitenzi(m_wa, wingi) --> [wameanguka].

Mstari wa kwanza ndio moyo wa upatanisho. Unasema kuwa sentensi huundwa na kirai nomino na kitenzi, mradi N na I za upande mmoja ziwe zile zile za upande wa pili. Dhana ya upatanisho, ambayo vitabu hutumia kurasa kadhaa kuieleza, hapa inaelezwa kwa kurudiwa kwa herufi mbili.

Sentensi hupimwa kwa agizo phrase:

?- phrase(sentensi, [kitabu, kikubwa, kimeanguka]).
true.

?- phrase(sentensi, [kitabu, mkubwa, ameanguka]).
false.

Hadi hapo mambo ni shwari. Lakini programu hii, kama ilivyoelezwa, hujibu pande zote mbili. Badala ya kupewa sentensi, inaweza kuombwa izitunge yenyewe:

?- phrase(sentensi, S).
S = [kitabu, kikubwa, kimeanguka] ;
S = [vitabu, vikubwa, vimeanguka] ;
S = [kijana, kikubwa, kimeanguka] ;
S = [vijana, vikubwa, vimeanguka] ;
S = [mtoto, mkubwa, ameanguka] ;
S = [watoto, wakubwa, wameanguka].

Sentensi ya tatu na ya nne si Kiswahili sanifu. Vilevile, programu ikiulizwa juu ya "kijana mkubwa ameanguka", hujibu false. Kwa hiyo kanuni za kimofolojia zina makosa ya aina mbili kwa mpigo: zinaruhusu kisichosemwa, na zinakataza kinachosemwa. Ni vyema msomaji azitenge aina hizi mbili, maana sarufi yoyote hupimwa kwa zote. Sarufi inayokataza makosa yote lakini inakataza pia sentensi sahihi haina thamani zaidi ya ile inayoruhusu kila kitu.

5.0 Jaribio la Pili: Ngeli kwa Upatanisho

Wafuasi wa mtazamo wa kisintaksia watasema kuwa kosa hilo lilitarajiwa, na dawa yake inajulikana. Kijana ni nomino ya A-WA kwa kuwa kitenzi chake huchukua a- na wa-. Basi m_wa inabadilishwa kuwa a_wa kote, na mistari miwili inarekebishwa:

nomino(a_wa, umoja) --> [kijana].
nomino(a_wa, wingi) --> [vijana].

Tatizo linatoweka. Zaidi ya hayo, mtazamo huu unaweza kutofautisha kijana na kitoto. Katika udogo husemwa "kitoto kidogo kinalia", kwa hivyo kitoto kinaingizwa katika ki_vi ijapokuwa kinataja kiumbe hai. Kwa kigezo hiki, mtazamo wa kisintaksia umeushinda ule wa kimofolojia.

Hata hivyo, jaribio lenye nomino na kivumishi cha sifa peke yake ni finyu. Tuseme sarufi inapanuliwa ili ipokee vivumishi vimilikishi pamoja na nomino za I-ZI:

kirai_nomino(N, I) --> nomino(N, I), kimilikishi(N, I), kivumishi(N, I).

kimilikishi(a_wa, _) --> [wangu].
kimilikishi(ki_vi, umoja) --> [changu].
kimilikishi(ki_vi, wingi) --> [vyangu].
kimilikishi(i_zi, umoja) --> [yangu].
kimilikishi(i_zi, wingi) --> [zangu].

nomino(i_zi, umoja) --> [nyumba].
nomino(i_zi, wingi) --> [nyumba].
kivumishi(i_zi, _) --> [kubwa].
kitenzi(i_zi, umoja) --> [imeanguka].
kitenzi(i_zi, wingi) --> [zimeanguka].

nomino(a_wa, umoja) --> [ndugu].
nomino(a_wa, wingi) --> [ndugu].

Kanuni ya awali ya kirai nomino inaachwa mahali pake. Hii mpya ni ya pili. Kistari cha chini kinachosimama peke yake ni kibadilika kisicho na jina, maana yake "iwayo yote". Sentensi "nyumba yangu kubwa imeanguka" inakubaliwa, na "kijana wangu mkubwa ameanguka" inakubaliwa. Sasa linaletwa swali lililo rahisi kwa mzungumzaji yeyote:

?- phrase(sentensi, [ndugu, yangu, mkubwa, ameanguka]).
false.

?- phrase(sentensi, [ndugu, wangu, mkubwa, ameanguka]).
true.

Mashine imekataa Kiswahili sanifu. Je, ndugu ihamishiwe I-ZI? Ikihamishwa, programu itaikubali "ndugu yangu kubwa imeanguka" na kuendelea kuikataa "ndugu yangu mkubwa ameanguka". Pakizibwa hapa, panavuja pale.

6.0 Vifaa vya Kuchunguza Kosa

Jibu la false halisemi kosa limetokea wapi. Mtu anaweza kuketi akikisia, lakini Prolog ina vifaa vya kumwondolea kazi hiyo, na matumizi yake ni sehemu ya nidhamu ya utafiti.

Kifaa cha kwanza ni listing. Agizo listing(sentensi). humwonyesha mtumiaji namna mashine ilivyoipokea kanuni yake. Ataona kuwa alama --> imefasiriwa kuwa kanuni ya kawaida ya Prolog yenye alama :- na viungo viwili vya ziada: orodha ya maneno kabla ya kanuni kutumika, na orodha ya maneno yaliyobaki baada yake. Kwa hivyo kimilikishi, kilichoandikwa na viungo viwili, ndani ya mashine kina vinne.

Kifaa cha pili ni trace. Mtumiaji akiandika trace. kabla ya swali lake, mashine humwonyesha kila hatua inayoipiga. Maonyesho hayo yamejengwa juu ya kielelezo alichokieleza Lawrence Byrd mwaka 1980, ambapo kila kanuni hutazamwa kama chumba chenye milango minne. Neno Call linaashiria kuwa ombi limeingia chumbani. Exit linaashiria kuwa ombi limefaulu na kutoka. Redo linaashiria kuwa mashine imerejea chumbani kutafuta jibu jingine baada ya kukwama mbele. Fail linaashiria kuwa majibu yamekwisha na ombi limeshindwa.

Sentensi ya ndugu katika jaribio la pili ikifuatiliwa hivyo, mwenendo wake huwa bayana. Kanuni ya kwanza ya kirai nomino inaipata ndugu kama a_wa umoja, inatafuta kivumishi cha sifa, inakuta yangu, inashindwa. Mashine inarudi, inajaribu ndugu kama a_wa wingi, inashindwa tena pale pale. Kisha inaingia kanuni ya pili. Ndugu inakubaliwa, kimilikishi cha a_wa kinatafutwa, kilichopo kinachotarajiwa ni wangu, ilhali neno lililo mezani ni yangu. Fail. Mashine inajaribu wingi, inashindwa mara ya mwisho. Haikufika kwa mkubwa wala kwa ameanguka. Utambuzi huu ni muhimu: tatizo halimo katika kitenzi wala katika kivumishi cha sifa, bali limo katika kimilikishi peke yake.

Programu inapokuwa ndefu, kufuatilia kila hatua huchosha. Hapo hutumika kifaa cha tatu, spy. Agizo spy(kimilikishi/4). huiambia mashine isimame inapofika kwa kimilikishi tu. Nambari 4 ni idadi ya viungo iliyokwisha kuelezwa.

Kifaa cha nne hujitokeza chenyewe. Faili inapopakiwa, SWI-Prolog humwonya mtumiaji kuhusu kila kibadilika kilichotokea mara moja tu katika kanuni. Onyo hili lisipuuzwe. Aliyekusudia kuandika Ngeli mara mbili, akaandika Ngeli na Ngali, upatanisho wake umekatika bila yeye kujua, na onyo hilo ndilo litakalomjulisha. Ndilo pia litakalomfichua Juma wa herufi kubwa aliyetajwa hapo juu. Baada ya kusahihisha faili, agizo make. huipakia upya bila kulazimika kuondoka, na halt. hufunga kazi.

7.0 Jaribio la Tatu: Jozi Mbili za Upatanisho

Ufuatiliaji umeonyesha kuwa ndugu hupatana na maneno ya A-WA katika kivumishi cha sifa na katika kitenzi, lakini hupatana na maneno ya I-ZI katika kimilikishi. Basi nomino ipewe nafasi mbili za ngeli: M kwa ajili ya umilikishi, na N kwa ajili ya mengineyo.

kirai_nomino(N, I) --> nomino(_, N, I), kivumishi(N, I).
kirai_nomino(N, I) --> nomino(M, N, I), kimilikishi(M, I), kivumishi(N, I).

nomino(ki_vi, ki_vi, umoja) --> [kitabu].
nomino(a_wa, a_wa, umoja) --> [kijana].
nomino(i_zi, a_wa, umoja) --> [ndugu].
nomino(i_zi, a_wa, wingi) --> [ndugu].

Nomino nyingine zinaandikwa kwa utaratibu huo huo. Sasa "ndugu yangu mkubwa ameanguka" inakubaliwa, "ndugu zangu wakubwa wameanguka" inakubaliwa, na "ndugu zangu mkubwa ameanguka" inakataliwa. Isitoshe, neno ndugu, ambalo halibadiliki katika wingi, linapata idadi yake kutoka kwa kimilikishi:

?- phrase(kirai_nomino(N, I), [ndugu, zangu, wakubwa]).
N = a_wa,
I = wingi.

Ili mafanikio haya yasiharibiwe na nyongeza za baadaye, SWI-Prolog ina maktaba ya majaribio iitwayo plunit. Mtafiti huandika sentensi anazojua kuwa ni sahihi na anazojua kuwa ni kosa:

:- use_module(library(plunit)).
:- begin_tests(ngeli).
test(sahihi, [nondet]) :-
    phrase(sentensi, [ndugu, yangu, mkubwa, ameanguka]).
test(kosa, [fail]) :-
    phrase(sentensi, [ndugu, yangu, kubwa, imeanguka]).
:- end_tests(ngeli).

Kila anapoongeza kanuni, huandika run_tests. na mashine humwambia iwapo amejenga huku akibomoa.

Swali linalobaki ni la kiisimu: je, ni nomino zipi zilizo na jozi hizi mbili? Kuziorodhesha moja moja si kueleza. Ukizitazama, unakuta rafiki, jirani, adui, baba, mama, dada, kaka, shangazi, babu. Zote hutaja watu. Lakini daktari na askari pia hutaja watu, na husemwa "daktari wangu". Mjomba, mke na mjukuu hutaja jamaa, lakini husemwa "mjomba wangu". Kwa hiyo sharti si moja, bali ni matatu kwa pamoja, nayo huandikika hivi:

umilikishi(X, i_zi) :- hai(X), bila_kiambishi(X), uhusiano(X).

Kanuni hiyo inasema kuwa nomino humilikiwa kwa I-ZI ikiwa inataja kiumbe hai, haina kiambishi cha ngeli, na inaeleza uhusiano baina ya watu. Mjomba anakwama kwenye sharti la pili, daktari kwenye la tatu. Kanuni hii ni dhana ya kupimwa, wala si hukumu ya mwisho. Lakini sasa imeandikwa kwa namna inayompa kila msomaji uwezo wa kuipinga kwa kuleta neno moja tu linaloivunja.

8.0 Maana na Mipaka ya Majaribio

Matokeo haya hayamaanishi kuwa A-WA na I-ZI zitupwe. Yanamaanisha kuwa jina la ngeli ni muhtasari wa mienendo kadhaa ambayo kwa kawaida huenda pamoja, lakini si lazima iende pamoja. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kuwa rafiki iko katika A-WA, kisha akamkosoa kwa kuandika "rafiki wangu", amemkosoa kwa kufuata kanuni aliyofundishwa. Ingizo la kamusi lenye jozi moja tu ya upatanisho humwacha mgeni wa lugha katika utata huo huo.

Ipo mipaka ya kukiriwa. Mashine haiamui Kiswahili sahihi ni kipi. Wapo wasemao "ng'ombe wangu" kwa wingi na wapo wasemao "ng'ombe zangu". Uamuzi wa ipi iingizwe ni wa mtafiti na data yake ya nyanjani, si wa Prolog. Aidha, programu zilizoonyeshwa huyachukua maneno mazima mazima. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi, na kukiorodhesha katika maumbo yake yote ni kazi isiyokwisha. Hakina budi kuchanganuliwa mofimu kwa mofimu. Kazi pana ya namna hiyo imefanywa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, kupitia mfumo wa SALAMA, ingawa kwa mbinu tofauti na ya Prolog.

Msomaji wa leo anaweza kuuliza kuna haja gani ya haya yote, ilhali ipo mitambo inayotunga matini ya Kiswahili baada ya kujifunza kutokana na wingi wa maandishi. Mitambo hiyo huweza kutoa "ndugu yangu mkubwa" bila kukosea. Lakini kutoa sentensi sahihi na kuonyesha kanuni iliyoizaa ni mambo mawili. Mzungumzaji wa Lamu pia hutoa sentensi sahihi bila kukosea, na hilo halijawahi kuifanya sarufi isihitajike. Kazi ya mwanaisimu ni kuiweka kanuni wazi ili ikaguliwe, na hiyo ndiyo kazi ambayo Prolog huisaidia.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa Prolog, lugha iliyoasisiwa kwa ajili ya kuchanganua Kifaransa, inaweza kuhudumia sarufi ya Kiswahili bila kulazimisha majina ya kigeni: nomino, kitenzi, umoja na wingi vimeandikwa kwa Kiswahili ndani ya programu yenyewe, na mashine haikulalamika. Uainishaji wa kimofolojia ulianguka kwa neno kijana. Ule wa kisintaksia ulianguka kwa neno ndugu. Uainishaji unaoipa nomino nafasi mbili ulisimama, angalau kwa data iliyopimwa.

Yafuatayo yanapendekezwa kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu au za vikao vya chama. Kwanza, iandikwe sarufi itakayopokea marafiki na majirani, nomino ambazo katika wingi hupata kiambishi ma-. Je, sharti la pili la kanuni ya umilikishi litastahimili "marafiki zangu"? Pili, viongezwe viashiria na vivumishi vya A-unganifu: "rafiki huyu" ni wa A-WA, lakini je, "rafiki wa Juma" na "rafiki yake Juma" hufuata jozi ipi? Tatu, ikusanywe data ya lahaja mbili au zaidi, kila moja iandikiwe faili yake, kisha sentensi zile zile zipimwe katika faili zote. Tofauti zitakazojitokeza zitakuwa maelezo ya sarufi za lahaja hizo, yaliyoandikwa kwa namna ambayo mtafiti mwingine anaweza kuyaendesha, kuyakagua na kuyakosoa.